Santuri euro 9, kuileta Tanga euro 24: nauli hii anaila nani?

#1 Mwambao45
Wakuu, salaam.

Niko Ngamiani, Tanga. Kwa miaka kadhaa natafuta mtandaoni sahani za muziki wetu wa hapa, hasa zile ndogo za 45 (zinazozunguka mara 45 kwa dakika): Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, na taarabu za Black Star na Lucky Star. Anayeshangaa kwa nini mtu wa Tanga akanunue Jamhuri Jazz Ulaya ajue kwamba nchini hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Zilichapwa Kenya, zikauzwa pwani yote, kisha wakusanyaji wakapita na kuzizoa kwa mafungu. Zilizobaki majumbani nyingi zimeliwa na unyevu au watoto wamezirushia mbuzi. Ukitaka iliyo safi, huna budi kuiagiza.

Sasa wiki hii nimeona moja kwa muuzaji wa Uholanzi. Nilipoikuza picha, kwenye lebo kuna muhuri wa wino wa zambarau wa duka la Tanga, na pembeni mwenye nayo kaandika kwa kalamu "USIGUSE". Bei euro 9. Nikasema hii lazima irudi nyumbani. Kubonyeza hatua ya pili, nauli euro 24! Sahani ambayo ukiiweka kwenye mizani haifiki gramu 50.

Zamani nauli ilikuwa nyongeza tu, sasa sahani ndiyo imekuwa nyongeza. Nataka kujua kwa dhati: hela hii inakwenda wapi? Muuzaji, posta zao, ndege, dola, forodha? Na nyie mnaoagiza santuri, kanda na CD mnapitia njia gani?

Nawasilisha.

#2 Kiboko wa Pangani
Nimetandika mkeka, wajuzi waje.

#3 Digo Asilia
Jibu lako fupi mno mleta mada: muuzaji. Hawa jamaa wanaweka bei ya sahani chini ili ivutie, faida wanaichukua kwenye nauli. Niliwahi kupokea bahasha yenye stempu za euro tisa na ushee, na mimi nimelipa kumi na nane. Nikamwandikia, akanijibu "vifungashio". Kadibodi mbili na gundi ya karatasi ndiyo euro tisa?

Halafu fungua orodha zao za nauli. Kuna Ulaya, kuna Marekani, kuna Japani, na sisi wengine wote tumesombwa kwenye fungu moja la "dunia iliyobaki". Fungu hilo hupangwa kwa kuangalia nchi ya bei kubwa kuliko zote, hata kama Tanzania ni nafuu kuliko hiyo.

#4 Mtanga wa Bremen
Digo Asilia, ngoja niseme upande wa pili, maana mimi niko Ujerumani, nanunua na nauza.

Sahani ya 45 ni gramu 40 hivi, kweli. Itie kwenye kava la karatasi, ibane kwa kadibodi mbili ngumu, itie kwenye bahasha nene: unakaribia gramu 150 au 200. Posta inapima ulichoiletea, na inapima kwa madaraja. Ukivuka daraja kwa gramu moja unalipa la juu lote.

Pili, namba ya kufuatilia. Tovuti hizi zinamlinda mnunuzi. Akisema hajapata mzigo na muuzaji hana ushahidi, muuzaji anarudisha hela yote pamoja na nauli. Ndiyo maana wengi hawakubali kutuma mbali bila rejesta, na rejesta inalipiwa.

Tatu, hili wengi hawalijui. Tangu Mei 2023 Discogs, ile tovuti ya kuuziana santuri, wanakata asilimia 9, na wanaikata kwenye bei ya sahani pamoja na nauli. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 8 ya bei ya sahani peke yake. Kwenye euro 24 za mleta mada, euro mbili na kitu zinabaki kwa tovuti. Muuzaji atazifidia wapi kama si kwenye nauli hiyohiyo? eBay nao wanakata kwenye jumla, na walianza zamani.

Sikatai kwamba wapo wanaopiga.

#5 Digo Asilia
Alhamdulillah, umekiri wapo.

#6 Mstaafu wa Posta
Habari zenu vijana. Nimekaa kwenye kaunta tangu lile shirika la posta na simu, kabla halijagawanywa 1994, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Mnatafuta mchawi kwa muuzaji, lakini tazameni meli. Kifurushi kilikuwa na njia mbili, ya ndege na ya majini. Ya majini ilikula miezi miwili, mitatu, lakini bei yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. Mwanafunzi aliyekuwa ng'ambo alirudisha makabati ya vitabu kwa njia hiyo. Mei 2007 posta ya Marekani ikaifuta njia ya majini kwa vifurushi vya kwenda nje. Vyote vikapanda ndege, utake usitake.

Januari 2018 wakaongeza jingine: bahasha ya barua ya kwenda nje ni ya nyaraka tu, chochote kilicho bidhaa kihesabiwe kifurushi. CD iliyokuwa ikienda kwa bei ya barua nene ikapandishwa daraja kwa usiku mmoja, uzito uleule, bahasha ileile.

Juu ya hayo kuna malipo baina ya posta zenyewe. Umoja wa Posta Duniani, uliozaliwa Bern mwaka 1874, uliweka utaratibu kwamba posta inayotuma inailipa posta inayopokea kwa kazi ya kusambaza. Kwa miaka mingi viwango vilikuwa vya chini. Marekani ikatishia kujitoa, wakakutana Geneva Septemba 2019, ikakubaliwa nchi zianze kujipangia viwango vyao kwa hatua. Viwango vikipanda, posta inayotuma haiwezi kuvimeza yenyewe. Inavipandisha kwenye stempu.

#7 Binti Chumbageni
Shikamoo mzee. Umetufundisha, lakini mleta mada ananunua Uholanzi, si Marekani. Hiyo 2007 na 2018 inamhusu nini?

#8 Mstaafu wa Posta
Marahaba binti. Swali zuri. Huko kutenganisha nyaraka na bidhaa kumetoka kwenye Umoja, na nchi zinafuata kila moja kwa wakati wake. Na kila bidhaa lazima iwe na fomu ya forodha iliyojazwa, siku hizi kwa kompyuta kabla mzigo haujaondoka. Kazi hiyo ina gharama. Kwa faida yako, Japani bado wana njia ya majini. Ukipata muuzaji wa huko mwulize, akikwambia miezi mitatu usikasirike.

#9 Mhasibu wa Mkwakwani
Nyote mnazungumza stempu, mimi nazungumza shilingi. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa kama 2,300. Mwaka 2024 ilivuka 2,600. Chukua nauli ya dola 15 ambayo haijaguswa na mtu: ilikuwa 34,500, ikawa 39,000. Ongeza makato ya kadi, na ujue benki haikubadilishii kwa bei unayoiona kwenye taarifa ya habari. Mtu anaona nauli imepanda kumbe shilingi imeshuka.

#10 Digo Asilia
Mhasibu, 4,500 haielezi kwa nini nauli ni karibu mara tatu ya sahani.

#11 Mhasibu wa Mkwakwani
Haielezi yote. Inaeleza sehemu yake, na nyie sehemu hiyo mlikuwa mmeiruka.

#12 Kiboko wa Pangani
Narudi kwenye mkeka na langu. Forodha hawatozi kwenye bei ya sahani tu, wanatoza kwenye bei, bima na nauli kwa pamoja. Kwa hiyo nauli ikipanda na ushuru unapanda nayo, halafu VAT asilimia 18 inakaa juu ya kichwa cha vyote. Unalipia kodi ya kuletewa!

#13 Kontena la Raskazone
Kiboko, umesema nusu. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini.

Kwa mzigo wa meli uko sahihi, nauli inaingia kwenye thamani ya forodha. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, jedwali la nne, inasema mzigo ukija kwa ndege nauli haijumlishwi kwenye thamani ya kukokotolea ushuru. Sahani zenu karibu zote zinakuja kwa ndege. Ukipewa hesabu, usilipe kabla hujauliza mstari wa nauli umewekwa ngapi.

Na kuna jambo hamjaligusa: ukubwa. Kampuni za vifurushi vya haraka hazipimi kilo tu. Zinachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, zinagawa kwa 5,000, na jibu likizidi uzito wa mizani ndilo unalolipia. Pigeni hesabu ya sahani kubwa moja kwenye boksi la sentimita 35 kwa 35 kwa 5. Ni 6,125, gawa kwa 5,000, unapata kilo 1.2 na ushee. Mara nyingi wanapandisha hadi nusu kilo inayofuata, yaani kilo 1.5. Na ndani ya boksi hilo kuna sahani ya gramu 140 na jalada lake! Zaidi ya nusu ya unachokilipia ni hewa. Kwa hiyo muuzaji akikwambia anatuma kwa kampuni ya haraka, mwombe boksi jembamba. Sentimita mbili za kimo zinabadilisha kila kitu.

#14 Binti Chumbageni
Kontena, hilo la mstari wa nauli naapa sikulijua. Ofisi moja nilikokwenda kuchukua kifurushi (siitaji) niliandikiwa jumla tu kwenye karatasi, nikalipa, nikashukuru, nikaondoka. Mlikuwa na taarabu mbili za Black Star ndani, nilikuwa na haraka ya kuzisikia.

#15 Kontena la Raskazone
Siku nyingine omba mchanganuo. Ni haki yako, na wengi wakiulizwa kwa adabu wanatoa.

#16 Kiboko wa Pangani
Ahsante Kontena, kwa hewa hiyo nimekaa chini kabisa.

#17 Korongo wa Makorora
Mimi naona mnazunguka. Barua na vifurushi vidogo vingi husafiri tumboni mwa ndege za abiria. 2020 ndege za abiria zikalala chini dunia nzima, nafasi ikawa ya kugombania, bei zikaruka. Februari 2022 vita ya Ukraine, mafuta yakapanda, na ndege nyingi zikafungiwa anga ya Urusi. Mwisho wa 2023 meli zikaanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kila mara bei ilipanda kwa sababu ya kweli. Ilipopanda, nani aliishusha?

#18 Mstaafu wa Posta
Korongo, ndege zimerudi zamani. Kama nafasi ya ndege ndiyo sababu, tungeona nafuu.

#19 Korongo wa Makorora
Mzee wangu, bei ya sukari ikipanda mwezi wa Ramadhani uliwahi kuona imerudi palepale baada ya Idd?

#20 Mstaafu wa Posta
Hapo sina jibu.

#21 Mwambao45
Nawashukuru nyote, nasoma kila neno. Mpaka sasa nina muuzaji, tovuti, meli iliyofutwa, malipo ya posta kwa posta, shilingi, hewa ya boksi na tumbo la ndege. Bremen, swali: kwa sahani moja ya 45 kwa njia ya posta ya kawaida yenye rejesta, euro 24 ni haki au si haki?

#22 Mtanga wa Bremen
Kwa moja, kwa maoni yangu, imezidi. Lakini sikiliza. Pakiti ndogo ya posta mwisho wake ni kilo 2. Bei haipandi sawasawa na uzito. Gramu mia mbili za kwanza ndizo ghali, zinazofuata zinapanda kidogokidogo. Sahani za 45 ishirini zilizofungwa vizuri hazifiki kilo 2. Kwa hiyo usimwulize muuzaji "nauli ngapi", mwulize "nikichukua kumi nauli ngapi". Wengi watakutajia karibu ileile au nyongeza ya euro chache.

#23 Horohoro Bila Foleni
Njia yangu mimi ni Mombasa. Nina binamu Likoni. Wauzaji wengi wana bei maalumu ya Kenya kwenye orodha zao lakini Tanzania wameitupa kwenye hiyo "dunia iliyobaki" ya Digo. Mzigo unafika kwake, anaupandisha basi la Tanga, mimi naupokea siku hiyohiyo jioni. Basi linanitoza hela ya soda.

#24 Kontena la Raskazone
Na pale mpakani Horohoro unausema kwa forodha, sivyo? Mzigo ulioingia Kenya ukivuka mpaka bado ni mzigo. Sahani mbili tatu za matumizi yako hakuna atakayekusumbua ukizionyesha. Ukizificha chini ya kiti ndipo zinageuka kesi.

#25 Horohoro Bila Foleni
Nazionyesha bwana, hata kijana wa mpakani siku hizi ananiuliza "leo umeleta nani?"

#26 Mzee wa Barabara ya Kumi na Mbili
Assalaam aleikum. Mjukuu kanisomea uzi huu wote, namwambia aandike.

Huyo wa Horohoro anarudia njia ya babu zake. Sisi sahani zilikuja kutoka Mombasa. Assanand walikuwa na duka pale na lebo yao ya Mzuri, na taarabu za Tanga walizitoa wao. Mwimbaji anatoka Tanga na kundi lake, anakwenda kurekodi Kenya, na baada ya muda sahani inashuka hapa ndani ya basi, imefungwa gazeti na kamba ya katani. Hakuna aliyeita hiyo "nje ya nchi". Posta ilikuwa moja ya Afrika Mashariki, stempu moja imeandikwa Kenya Uganda Tanzania. Ulibandika, ukatuma.

Mwaka 1977 Jumuiya ikafa, mpaka ukafungwa Februari ya mwaka huo, haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Miaka hiyo yote sahani mpya ya Mombasa ukiiona Tanga umeona mwezi wa Idd. Vijana walihamia kwenye redio, na waliokuwa na mashine ya kaseti wakanasa humo. Hapo ndipo sahani ilipoanza kudharauliwa, watu wakaziweka uvunguni, na Mzungu alipokuja kuziulizia akapewa kwa bei ya karanga. Kwa hiyo mkihesabu nauli, anzeni kuhesabu 1977.

#27 Binti Chumbageni
Shikamoo babu. Nimesoma mara mbili.

#28 Mwambao45
Shikamoo mzee. Hili la 1977 sikuwahi kuliunganisha na sahani. Marehemu baba alikuwa akisema "tangu mpaka ufungwe" kila akitaja kitu kilichoadimika, nilidhani anasema khanga.

#29 Jahazi Asilia
Babu anisaidie ubishi wa kijiweni. Tanga mkali alikuwa Jamhuri au Atomic? Mimi nasema Atomic.

#30 Digo Asilia
Jamhuri, na hakuna ubishi. Magitaa yale yanalia kama yanakuuliza deni.

#31 Mzee wa Barabara ya Kumi na Mbili
Mjukuu anaandika: babu anacheka. Anasema Jumamosi alikuwa Jamhuri, Jumapili alikuwa Atomic, na mke wake alikuwa Black Star siku zote.

#32 Jahazi Asilia
Black Star ndiko alikokuwa Bi Shakila, yule wa Zanzibar?

#33 Binti Chumbageni
Zanzibar wapi! Bi Shakila mzaliwa wa Pangani, mkoa huuhuu. Kaimba Black Star, kaimba Lucky Star, kafariki Dar es Salaam Agosti 2016, Mungu amrehemu. Msituibie.

#34 Kiboko wa Pangani
Pangani imetajwa, nimesimama juu ya mkeka.

#35 Jahazi Asilia
Nimenyooshwa, ahsante. Coastal Union ubingwa wa 1988 nao msiseme ni wa Dar.

#36 Fundi Gramafoni
Turudini kwenye mada kabla hamjaanza mpira.

Mimi ni fundi, napokea wanaoleta sahani zao wakilia. Sababu moja ya nauli ambayo hakuna aliyeigusa ni kuvunjika. Sahani za 78 za zamani, zile nzito za enzi za Siti binti Saad, ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu. Zinakatika kama kigae. Muuzaji aliyewahi kurudisha hela ya 78 moja iliyofika vipande viwili hatatuma tena kwa bahasha. Atatumia boksi ndani ya boksi, na hapo ndipo hesabu ya Kontena inapomkamata.

Za plastiki nazo zina maradhi yake. Sahani kubwa ikitumwa ndani ya jalada lake, inatelezateleza njiani na ukingo wake unapasua mshono wa jalada. Dawa yake: mwambie muuzaji aitoe, aiweke kwenye kava la karatasi nyuma ya jalada, vyote viwili pamoja ndani ya nailoni, kadibodi mbili zenye mistari iliyopishana, moja wima nyingine mlalo, zizidi sahani kwa kila upande ili pembe zikigongwa igongwe kadibodi. Asibane gundi mpaka sahani ikapinda. Hapo bahasha nyembamba inatosha, boksi halihitajiki, na gramu zinapungua. Na ikifika Tanga, usiifungue kwenye jua wala kuiacha kwenye nailoni. Unyevu wetu huu utaiotesha ukungu mweupe kwenye mifereji kabla hujaicheza mara tano.

#37 Sindano Mpya
Naomba kusema na upande mwingine kabisa. Mimi niko Mabawa na nauza sahani kwenda nje. Mnalia nauli ya kuleta, ya kupeleka nayo si ndogo. Wateja wangu wengi walikuwa Marekani. Mpaka mwaka 2025 kifurushi cha chini ya dola 800 kiliingia kule bila ushuru. Tarehe 29 Agosti 2025 wakaufuta msamaha huo kwa nchi zote, na posta nyingi duniani zikasimamisha kwanza kupokea vifurushi vya kule mpaka waelewane nani akusanye ushuru. Mteja aliyekuwa akichukua mafungu sasa ananiuliza mara tatu kabla hajachukua moja. Kwa hiyo bei ya kutuma imewakamata na wao.

#38 Binti Chumbageni
Sindano Mpya, sikuhukumu, lakini naumia. Mwenzako Mwambao anahangaika kurudisha sahani yenye muhuri wa Tanga kutoka Uholanzi, na wewe uko Mabawa unazipakia kwenda. Mbona usiziuze hapa?

#39 Sindano Mpya
Dada, nimezipanga mezani Tangamano. Watu wakaja, wakazishika, wakapiga picha, wakaniuliza "hii inachezwaje?" Aliyetoa hela ni mmoja, na alitaka jalada akalitundike ukutani. Nina watoto. Anayelipa ndiye ninayemuuzia. Na nikuambie, sahani nyingi nilizozipata zilikuwa zinaelekea jalalani. Iliyoko Uholanzi imo kwenye nailoni safi, inachezwa.

#40 Mzee wa Barabara ya Kumi na Mbili
Babu anasema: kijana ana haki ya kula. Lakini kabla hajaipeleka, aitie kwenye mashine ainase, ili wimbo ubaki hata sahani ikiondoka. Anasema ana mbili hajaziona tangu harusi yake.

#41 Sindano Mpya
Babu, hilo nakubali. Nikumbushe majina kwa ujumbe wa faragha, nikizipata nakunasia bure.

#42 Digo Asilia
Sindano, tangaza na bei za hapa kwanza kabla hujaziweka kwa dola. Wengine tuko Usagara, hatuhitaji rejesta wala tumbo la ndege. Tunakuja kwa bodaboda.

#43 Sindano Mpya
Nitaweka orodha Ijumaa. Bei za Tanga, sio za Tokyo.

#44 Mwambao45
Wakuu, taarifa. Nimefuata ushauri wa Bremen, nikamwandikia yule wa Uholanzi kwa ustaarabu. Nimemwambia niko Tanga na nimeuona muhuri. Kajibu vizuri sana. Anasema nauli ile ni ya fungu la mbali kama alivyosema Digo, hakuwahi kuuza Tanzania, hajui bei yake. Kaenda kuangalia: kwa rejesta, pakiti moja hadi daraja la chini ni kama euro 19. Lakini nikichukua mpaka sahani nane haifiki euro 26. Kwa hiyo Digo kapata kidogo, Bremen kapata kidogo, na posta imebaki na sehemu kubwa.

Kanitumia na orodha ya sahani nyingine za Afrika Mashariki alizo nazo. Jamhuri mbili, Atomic moja, taarabu za lebo ya Mzuri nne, na nyingine lebo imechanika hajui ni nani. Nani yumo tugawane nauli?

#45 Binti Chumbageni
Taarabu mbili niandikie mimi. Hela natuma leo.

#46 Digo Asilia
Jamhuri moja. Jahazi achukue Atomic yake tumalize ubishi kwenye mashine ya Fundi.

#47 Jahazi Asilia
Nimo. Na iliyochanika lebo naichukua pia, babu atatuambia ni nani akiisikia.

#48 Kiboko wa Pangani
Taarabu moja ya Pangani hapa, lakini naomba nilipe tarehe 30. Mwambao, mzigo unaandikwa kwa anwani ya nani? Nyumba zetu za Ngamiani posta haibishi hodi.

#49 Mstaafu wa Posta
Tumieni sanduku langu, napita kila asubuhi kuchukua magazeti. Mwambie muuzaji aandike kwenye fomu ya forodha "santuri za muziki zilizotumika", idadi, na bei ya kweli ya kila moja. Akiandika "zawadi" mtakaa kaunta mnajieleza. Na namba ya simu iandikwe kwa tarakimu kubwa, isiwe chini ya gundi.

#50 Mwambao45
Ahsante mzee. Nafunga orodha kesho saa nne usiku. Imebaki nafasi ya sahani moja.